Picha ya mfalme kwenye magofu ya Dowlais: anza kwa kuigeuza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alikuwa baharia na meli zake zilikuwa zikitia nanga Cardiff. Katika sanduku lake tumekuta picha nyeusi na nyeupe ya kama sentimita 20 kwa 25, imo kwenye fremu ya kioo. Kuna bwana mwenye koti refu na kofia nyeusi ya duara, amezungukwa na wakubwa, na nyuma yao kiwanda kilichobomoka. Chini mtu ameandika kwa mkono "King Edward, Dowlais, 1936". Mjomba anasema picha ni ya asili, na kwamba huyu ndiye mfalme aliyenyang'anywa taji kwa kuwatetea watu wasio na kazi. Nitajuaje ukweli, na niihifadhi vipi? Tuko Mombasa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu mfalme, ambaye ni Edward wa Nane wa Uingereza, mjomba wako ameshika kipande cha kweli akakiunga na kisichokuwepo. Kuhusu uasili wa picha, hakuna awezaye kusema lolote ikiwa bado imefungwa nyuma ya kioo. Basi tuanze na kioo, kwa sababu hapo ndipo picha nyingi za pwani huharibikia, na mara nyingi siku ile ile mwenyewe anapoamua kuzishughulikia.

Kabla hujagusa msumari, ishike fremu dirishani na uitazame kwa ubavu. Uso wa picha ya zama hizo ni tabaka la gelatini iliyobeba chembe za fedha. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kunata. Mahali iliponata na kioo utaona mabaka yaliyokoza, yanayong'aa kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Ukiyaona, acha. Usibandue, usipitishe kisu wala uzi, usilowanishe, usipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Ukivuta, gelatini itabaki kwenye kioo na uso wa mfalme utabaki nayo. Picha iliyonata hupigwa picha hivyo hivyo kupitia kioo, kisha humngojea fundi wa uhifadhi wa nyaraka.

Kama hakuna mabaka, laza fremu kifudifudi juu ya taulo safi. Kata utepe wa karatasi wa nyuma, ng'oa misumari midogo kwa koleo huku ukivuta sambamba na kadibodi, usiielekeze ndani. Toa kadibodi, kisha inua kioo na picha pamoja uone kama vinaachana vyenyewe. Mikono iwe mikavu, na picha ishikwe kingoni.

Sasa igeuze. Mgongo wa picha ya habari ni shahidi mzuri kuliko uso wake.

Picha za magazeti ya Uingereza za 1936 zilisafishwa kwenye karatasi halisi yenye tabaka jeupe la barita chini ya gelatini. Karatasi hiyo hujikunja kuelekea upande wa picha, na kona zikichakaa huonyesha nyuzi kama za karatasi yoyote. Ukikuta mgongo laini wenye utelezi wa plastiki na picha iliyonyooka kama kadi, hiyo ni karatasi iliyopakwa plastiki, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970 hivi. Hapo mjadala wa uasili umekwisha: unayo nakala ya baadaye, hata kama tukio ni la kweli.

Kipimo cha pili unacho mtaani kwako. Kaazime ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Usiku, zima taa za chumba, uimulike mgongo na ukingo mweupe wa picha, ukiweka karatasi ya ofisini pembeni kwa kulinganisha. Karatasi ya picha ikiwaka buluu-nyeupe kama ile ya ofisini, ina dawa za kung'arisha ambazo viwanda vya karatasi za picha vilianza kuzitia mnamo miaka ya 1950. Isipowaka, usishangilie, kwa kuwa karatasi nyingi za baada ya hapo nazo haziwaki. Kipimo hiki kinaweza kukataa mwaka 1936, lakini hakiwezi kuuthibitisha. Mulika sehemu tatu au nne, maana gundi na mabaki ya sabuni ya unga vinaweza kuwaka pia.

Cha tatu ni lenzi ya kukuza mara 10, kama ya fundi saa. Ukiona nukta zilizopangwa kwa mistari, ile ni picha iliyochapwa na mashine ya kitabu au gazeti. Picha ya kweli ina chembechembe zisizo na mpangilio. Tafuta pia mikwaruzo na mikunjo unayoiona kwa jicho lakini huihisi kwa ncha ya kidole. Hiyo ilikuwa kwenye picha nyingine, ambayo baadaye ilipigwa picha ikawa hii. Nakala za namna hii aghalabu hupoteza maelezo mawinguni na kwenye makoti meusi.

Ukifika hapo bila kikwazo, soma maandishi. Wapiga picha wa magazeti walikuwa wakitumia kamera kubwa za sahani za kioo, za sentimita 9 kwa 12 au inchi 4 kwa 5. Picha ikisafishwa, nyuma yake hupigwa muhuri wa wakala aliyeiuza kwa magazeti, muhuri wa tarehe, na hubandikwa kipande cha karatasi chenye maelezo yaliyopigwa taipu. Gundi yake huwa imeacha rangi ya chai. Mbele unaweza kukuta rangi nyeupe iliyopakwa kuzunguka kofia ili isimezwe na moshi wa nyuma, au alama za penseli ya mafuta zinazoonyesha mahali pa kukatwa. Usizifute wala kuzisafisha hizo. Ni sehemu ya ushahidi.

Angalia hasa mfalme anaitwaje. Mfalme alifika Dowlais tarehe 18 Novemba 1936. Maelezo yaliyoandikwa juma hilo yatamwita mfalme tu, kwa sababu alikuwa mfalme na umma haukutarajia vingine. Yakimwita "Duke of Windsor", cheo alichopewa baada ya kuachia taji, yameandikwa baada ya 11 Desemba, kwa kuwa jina hilo halikuwepo kabla. Yakitaja kuachia taji, vivyo hivyo. Hili halina maana kwamba karatasi ni ya baadaye, maana mawakala walibandika maelezo mapya juu ya picha za zamani kila zilipouzwa tena. Tazama kama chini ya kipande kipya kuna cha zamani, lakini usikibandue. Weka tochi upande wa pili, mara nyingi herufi zitasomeka.

Maandishi ya mkono yaliyo chini ya picha yako ndiyo ushahidi dhaifu kuliko yote. "King Edward" bila namba si lugha ya wakala. Pengine ni mwandiko wa babu mwenyewe, na kwa familia una thamani kuliko muhuri wowote, lakini hautaji tarehe ya kusafishwa kwa picha.

Tuje kwenye mahali. Dowlais ni kitongoji cha Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, juu mlimani, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Cardiff. Kiwanda chake cha chuma kilianzishwa 1759. Kufikia 1845 kilikuwa na matanuru 18 na wafanyakazi zaidi ya 7,000, kikihesabiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya chuma duniani. Mwaka 1856 wenyewe walikuwa wa kwanza kununua kibali cha njia mpya ya Bessemer ya kutengeneza chuma cha pua (steel), wakaanza kukitoa 1865.

Kilichokiua ni jiografia, na hili ndilo watazamaji wengi wa picha hii hawaambiwi. Kiwanda kilijengwa pale kwa sababu makaa ya mawe, mawe ya chuma na chokaa vyote vilipatikana mlimani. Mawe ya chuma yalipopungua, na chuma cha pua kikadai mawe yenye fosforasi kidogo, ikabidi kuagiza kutoka Bilbao, Uhispania. Mzigo ukawa unashuka melini Cardiff, unapandishwa mlimani kwa reli, kisha chuma kilichokamilika kinateremshwa tena kwenda bandarini. Unalipa nauli mara mbili kwa tani ile ile. Wenye kampuni walipiga hesabu mapema: mwaka 1891 waliwasha matanuru mapya kando ya bahari, East Moors, Cardiff. Tangu siku hiyo Dowlais ya juu ilikuwa ikiishi kwa muda wa nyongeza. Babu yako, kama alishuka bandari ya Cardiff, aliupita moshi wa mtoto wa Dowlais kila alipotia nanga.

Mwaka 1930 kazi ya chuma cha pua Dowlais ikafungwa na watu wapatao 3,000 wakakosa ajira kwa mara moja. Kiwanda kidogo cha kusubu vyuma tu ndicho kilichobaki. Mwaka huo huo biashara ya chuma kizito ya kampuni hiyo iliunganishwa na ya kampuni ya Baldwins, ikazaliwa Guest Keen Baldwins, na fedha zikaelekezwa kuijenga upya East Moors. Ndiyo, Baldwins ni kampuni ya ukoo wa Stanley Baldwin, waziri mkuu wa Uingereza aliyekuja kushughulikia suala la mfalme huyu kuachia taji. Sitoi njama hapo. Ni ulimwengu mdogo wa matajiri wa chuma. Lakini inasaidia kujua kwamba wakati mfalme akitazama magofu mlimani, mitambo mipya ya kampuni ile ile ilikuwa imesimama pwani.

Kwa hiyo katika picha yako tafuta haya: mabomba na matanuru yasiyo na moshi, kuta za matofali zisizo na mapaa, vyuma chakavu vilivyorundikwa, na nyuma yake vilima vya takataka za tanuru. Jengo la injini za kupuliza upepo, la matofali na madirisha marefu ya tao, bado limesimama Dowlais hadi leo, hivyo ukiliona pichani unaweza kulilinganisha na picha za sasa. Kama unaona matanuru yanayofanya kazi na tao kubwa lililojengwa kwa makaa ya mawe, basi umepotea njia: hiyo ni ziara ya baba yake, George wa Tano, na Malkia Mary, tarehe 27 Juni 1912, walipopokewa Dowlais kwa tao la makaa na tao la chuma. Watu huzichanganya picha hizo kwa sababu ya jina tu. Nyingine inayochanganywa ni ya siku ya pili ya ziara ya 1936, tarehe 19 Novemba, mfalme alipopita Blaenavon na miji jirani akiwa na watu wale wale.

Jua nalo hutoa ushahidi. Merthyr iko karibu nyuzi 52 kaskazini. Tarehe 18 Novemba jua la adhuhuri huko halipandi zaidi ya nyuzi 19, na kivuli cha mtu kinakaribia mara tatu ya urefu wake, wakati wewe Mombasa siku hiyo unakikanyaga chako. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huko ni kama nusu ya urefu. Ukiona vivuli vifupi chini ya miguu ya wakubwa, si Novemba. Kama kulikuwa na mawingu, hakuna kivuli na kipimo hiki kinanyamaza.

Sasa hoja ya mjomba. Mfalme, Edward wa Nane, alifika akifuatana na mawaziri, akiwemo Ernest Brown wa Kazi na Kingsley Wood wa Afya. Merthyr ilikuwa imetangazwa kuwa sehemu ya maeneo maalumu chini ya sheria ya 1934, iliyotenga pauni milioni 2 kwa maeneo yote kama hayo Uingereza, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mji walikuwa bila kazi. Kwenye magofu, watu waliokuwa wakimngojea walimwimbia wimbo wa kidini kwa Kiwelshi. Akasema maneno ambayo magazeti yaliyanukuu kwa kutofautiana. Nukuu inayokubalika zaidi ina maana hii: viwanda hivi ndivyo vilivyowaleta watu wote hawa hapa, inafaa kufanyike jambo ili warudi kazini.

Tazama neno "inafaa". Baadaye lilikazwa likawa "lazima", na sentensi nzima ikafupishwa ikawa "lazima jambo lifanyike", ndiyo inayobandikwa chini ya picha hii kila mahali. Katika ufupisho huo sentensi ya kwanza hupotea, nayo ndiyo yenye hoja: watu hawakuwepo pale kwa bahati, waliletwa na kiwanda. Sijui kwa nini wachapishaji huitupa, maana ndiyo nusu nzuri.

Je, alinyang'anywa taji kwa maneno hayo? Tarehe ndizo zinazokataa. Tarehe 16 Novemba, siku mbili kabla ya kufika Dowlais, alikuwa ameshamwambia Baldwin kwamba anakusudia kumwoa Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani ambaye talaka yake ya pili ilikuwa bado haijakamilika. Magazeti ya Uingereza yalikaa kimya juu ya jambo hilo hadi mwanzoni mwa Desemba. Alitia saini hati ya kuachia taji tarehe 10 Desemba, na siku iliyofuata Bunge likapitisha. Yaani mtu unayemwona pichani alikwisha kumweleza waziri mkuu kwamba yuko tayari kuondoka, na waliokuwa wakimwimbia hawakuwa na habari. Wapo wanasiasa waliokereka kwamba mfalme ameingilia siasa, hilo ni kweli, na ndicho kipande cha mjomba. Lakini mgogoro ulikuwa umeanza kabla hajapanda treni.

Sisi Afrika Mashariki tunacho kumbukumbu kidogo cha ufalme wake mfupi. Angalia humo sandukuni kama kuna senti tano au senti kumi zenye tundu za mwaka 1936. Kwa kuwa tundu halikuacha nafasi ya kichwa, zilichapwa jina la EDWARDVS VIII mapema, wakati sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni.

Kuhusu kuhifadhi. Kwanza toa nakala ya kidijitali, mbele na nyuma. Tumia skana ya kulaza, nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama picha haina rangi, ili madoa na wino wa mihuri vitofautiane. Hifadhi kwa mfumo wa TIFF. Kwa ukubwa wako utapata kama nukta 4,800 kwa 6,000, faili la megabaiti 86 hivi. Zima marekebisho yote ya kujiendesha, hasa lile la kufuta vumbi, maana hufuta na alama za penseli. Kama kingo za picha zina mng'ao wa buluu kama kioo, hiyo ni fedha iliyopanda juu. Skana itaionyesha kama ukungu. Hapo tumia kamera kwenye kitako, picha ikiwa bapa mezani, taa mbili kushoto na kulia kwa nyuzi 45 au chini yake. Usitumie flashi.

Unyevu wa Mombasa kwa sehemu kubwa ya mwaka unazidi asilimia 70, na kuvu hustawi ikishapita 65. Lengo lako ni kati ya 30 na 50. Weka picha kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kisha ndani ya sanduku la plastiki lenye mpira wa kuzibia, la lita 10 hivi, pamoja na kipima unyevu kidogo na gramu 100 za chembe za silika zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zikaushe kwenye oveni kama nyuzi 120 kwa saa moja au mbili, zipoe, uzirudishe. Usizidishe silika ukidhani unasaidia: chini ya asilimia 30 gelatini hukauka na picha hujikunja hadi kupasuka. Usiweke sanduku sakafuni wala kwenye ukuta unaopigwa na jua. Albamu za kurasa zenye gundi, selotepu na kupakia plastiki ya moto, vyote mwiko.

Ukutani tundika nakala. Ukisisitiza kutundika yenyewe, kati yake na kioo paweko ukingo wa kadibodi isiyo na asidi wa milimita 2 au zaidi, ili isiguse kioo tena.

Kama unataka kuichapisha, kumbuka kumiliki karatasi si kumiliki haki ya picha. Kwa sheria ya Uingereza picha ya 1936 iliyochapishwa wakati ule na ambayo mpiga wake hajulikani imeshatoka kwenye ulinzi, kwani miaka 70 imepita. Akijulikana, ulinzi unahesabiwa miaka 70 tangu kufa kwake, hivyo muhuri wa mgongoni una kazi nyingine tena.

Mwisho, usiandike mgongoni kwa kalamu ya wino. Itatokea upande wa pili. Penseli laini ya 2B, kwenye ukingo, juu ya kitu kigumu, na maneno machache: imetoka sandukuni kwa babu, mwaka mlioikuta. Maelezo ya mjomba yaandike kwenye karatasi ya pembeni, na jina lake na tarehe aliyoyasema, uyaweke kwenye sanduku lile lile.